Ile tiyo ya kusukwa waya si mpya, lakini nani atamwambia mkaguzi?

Ndugu wa kazi, na ninyi wamama mnaosikiliza sirene ya zamu mukiwa nyumbani, leo siandiki juu ya mshahara wala juu ya bei ya unga. Ninaandika juu ya tiyo. Mutaniambia: delege, tiyo ni mambo ya mekanisie, sisi wengine inatuhusu nini? Mungojee kidogo. Ile tiyo ilivunja bega la kijana mmoja wa zamu yetu. Mtu aliyetafuta dawa yake ni fundi wetu. Na sasa dawa ile iko karibu kuandikwa kwa jina la watu wengine, mbali sana na hapa.

Wale wa kompresere wanaijua. Ni ile tiyo ya inoksi inayojikunja, yenye kuunganisha kompresere na tiyo kubwa isiyojikunja. Kwa macho inaonekana kitu kimoja, kumbe ni viwili. Ndani kuna tiyo nyembamba ya chuma yenye mikunjo mikunjo kama akordeo. Juu yake kuna waya mwembamba uliosukwa, nyuzi nyingi zikipita moja juu ya ingine, kulia na kushoto, kama kitunga. Mikunjo ya ndani njo inaifanya ijikunje. Msuko wa juu njo unaizuia isikimbie. Ondoa msuko halafu ufungue hewa: ile akordeo itajivuta mpaka iharibike, juu hewa ya bar 7 ndani ya tiyo ya upana wa sentimetre 10 inasukuma ncha yake kwa nguvu inayopita kilo 500. Kilo zote zile zinabebwa na waya. Mama anayesuka kitunga ataelewa haraka kuliko sisi wanaume: tiyo ya msuko, ukiivuta inakuwa nyembamba na inakaza, ukiisukuma inanenepa na inalegea. Muweke neno hili kichwani, litarudi.

Sasa, tiyo hii haivunjike sana katikati. Inavunjika shingoni, pale msuko unapoingia chini ya pete ya chuma na kupigwa sudire. Kompresere inatetemeka mchana na usiku, tiyo inatikisika pamoja nayo, lakini pete haitikisike. Basi waya unachoka pale pale, uzi mmoja leo, uzi mwingine kesho. Hakuna anayeona, juu mafuta na vumbi vinafunika. Siku msuko unaachia, ncha inaruka kama nyoka aliyekanyagwa. Kwetu iliruka mwaka wa 2016, zamu ya usiku. Kijana aliyekuwa anapita na ndoo ya grisi alipigwa begani. Alipona, tunashukuru Mungu, lakini mkono wake wa kuume haupande tena juu ya kichwa. Leo anauza krediti ya telefone barabarani.

Fundi wetu wa atelie hakungojea ripoti. Alichukua tiyo nzee iliyotupwa, akakata msuko wake wa nje urefu kama wa mkono, akauvisha kama soksi juu ya shingo ya tiyo mpya. Upande wa pete aliuvuta ukakaza. Upande wa mbele aliusukuma ukalegea. Akafunga kwa kolie mbili, moja juu ya pete, moja mbele. Hivi tiyo haikunjike tena kwa ghafla mahali pamoja, inaanza kukunjika pole pole. Ni kitu cha saa moja ya kazi na hakuna falanga iliyotoka. Tangu kompresere zetu zilivalishwa soksi zile, katika kaye yangu ya ajali sikuandika tena tiyo iliyokatika shingoni.

Mwaka wa 2018 alikuja enjeniere wa furnisere mmoja wa Ulaya, kwa viziti ya masini. Aliona soksi, akauliza. Fundi alifurahi, nani hafurahi akiulizwa kazi yake na mgeni? Alimweleza yote, akamwachia apige foto, akampa hata kipande cha mfano. Yule bwana alimpa kasike mpya na bik.

Mnajua itafika wapi. Mwaka wa 2022 tulipokea katalogi mpya ya furnisere yule. Ukurasa wa tiyo: soksi ya waya wa kusukwa, yenye kukaza upande mmoja na kulegea upande mwingine, kolie mbili. Chini, kwa herufi ndogo: breve imeombwa. Fundi aliangalia ile foto muda mrefu, akavua lineti, akaniambia: « Delege, huu si mukono yangu? Ata bile bikolie bibili, paka pale nilibiwekaka. »

Kama jambo lingeishia hapo, lingekuwa huzuni ya mzee mmoja tu. Lakini wakubwa wa atelie waliposoma ile herufi ndogo wakatoa amri: soksi za kujitengenezea ziishe, tusije tukashitakiwa, tungojee zile za furnisere. Za furnisere ziko na bei, komande inachelewa, na kompresere mbili mpya zinafanya kazi leo na shingo wazi. Njo hapa sendika iliingia.

Kwanza tuondoe woga. Breve, yaani hati ya uvumbuzi, haivuke mpaka kama vile homa. Ni karatasi ya nchi iliyoitoa. Hati iliyotolewa Ulaya haina nguvu Likasi wala Kolwezi. Ili mtu akukataze hapa, anapaswa kuwa na hati ya hapa, kwa sheria yetu namba 82-001 ya tarehe 7 Januari 1982, ambayo inajua breve ya uvumbuzi, breve ya kuboresha, na tena breve ya kuingiza, ile ya mtu aliyekwisha kupata hati nchi ingine. Na zaidi: kuomba si kupata. Aliyeandika « imeombwa » hajapewa bado kitu. Amesimama kwenye mstari kama sisi siku ya malipo. Tulipowauliza wakubwa watuonyeshe hati ya hapa kwetu, hawakuonyesha. Woga wao ulikuwa woga wa kusoma katalogi.

Lakini siwezi kulala kwa hilo, juu kesho hati ile inaweza kutolewa Ulaya, halafu kesho kutwa ikaletwa Kinshasa kama breve ya kuingiza. Njo maana inafaa tujue kazi ya yule mtu anayeitwa mkaguzi wa breve.

Kwa Ulaya dosie inakwenda München, Ujerumani. Mkaguzi wa pale haangalie uzuri wa katalogi, wala kama kitu kinauzwa sana. Anasoma mistari inayoitwa madai, pale mwombaji anaposema: hiki njo changu, na mipaka yake ni hii. Halafu anauliza. Je, kitu hiki ni kipya, au kilikwisha kujulikana mahali popote duniani kabla ya siku ya kuomba? Kama ni kipya, je, kiko na hatua ya uvumbuzi, au fundi wa kawaida wa kazi ile angekifikia bila kuumiza kichwa, kwa kuunganisha vitu viwili vilivyojulikana? Na je, kinaweza kutengenezwa kweli katika uzini? Swali la tatu ni rahisi. Vita iko katika yale mawili ya kwanza.

Kujibu, anafungua sanduku. Breve zote za dunia zimepangwa kwa namba, na tiyo zinazojikunja ziko katika F16L 11. Zile za chuma zenye mikunjo ziko na mahali pao ndani yake. Anasoma za Wajapani, za Wamarekani, za Wafaransa, za zamani na za jana. Mtu akija na kusema « nimevumbua msuko wa digrii 54,7 », mkaguzi atamrudisha, juu maenjeniere wanajua hesabu ile: ni pembe ambayo tiyo laini iliyosukwa haiongezeke urefu wala haipungue hewa ikiingia. Akisema « nimeweka msuko juu ya tiyo ya mikunjo », atamrudisha tena, juu ile ni tiyo ya kila siku. Kwa hiyo mwombaji anapunguza madai, anasogea pembeni, anaandika: msuko unaokaza pale na kulegea pale. Na hapo, kama katika sanduku hakuna karatasi inayosema hivyo, mkaguzi mwenye haki kabisa, asiyekula rushwa, atasema: hili sijaliona, pengine ni jipya.

Hakuiba. Hakukosea. Fundi wetu hayumo katika sanduku, basi.

Turudi nyuma kidogo, juu mambo haya ya waya na migodi hayakuanza jana. Clausthal, mji wa migodi katika milima ya Harz kule Ujerumani, minyororo ya kupandisha mawe ilikuwa inakatika. Wilhelm Albert, mkubwa wa migodi ile, alisokota waya za chuma pamoja, nyuzi tatu, kila uzi waya nne, na tarehe 23 Julai 1834 kamba ile ikaanza kazi katika shimo la Caroline, kina cha metre 484. Albert hakuomba breve. Mwaka wa 1835 aliandika yote katika gazeti la wanamigodi, kila mtu asome. Mwaka wa 1838 Mwingereza mmoja mwanafunzi wa migodi, Lewis Gordon, alizipitia kamba zile, akamwandikia rafiki yake Robert Newall atafute masini ya kuzitengeneza. Mwaka wa 1840 Newall akapata breve, na baadaye utajiri. Nisiwe mwongo: Newall alikuwa na kitu chake, masini, na moyo wa katani katikati ya waya. Hakuweza kusema kamba ya waya yenyewe ni yake, juu ya nini? Juu Albert alikuwa ameandika. Karatasi ya 1835 ilikuwa mlinzi mlangoni.

Tiyo ya chuma inayojikunja yenyewe iko na miaka yake. Mwaka wa 1885, Heinrich Witzenmann wa Pforzheim pamoja na Eugène Levavasseur wa Paris walipata breve ya tiyo ya ukanda wa chuma uliozungushwa. Pforzheim ni mji wa masonara, na wazo lilitoka katika mkufu wa shingoni unaojikunja. Nikisoma hayo ninafikiri Bunkeya. Wakati wa Msiri, aliyekufa 1891, mafundi wa Bayeke walivuta shaba mpaka ikawa waya mwembamba, wakauzungusha juu ya moyo wa nyuzi, wakapata vikomo vinavyojikunja mkononi. Sisemi babu zetu walivumbua tiyo ya kompresere, tusicheke wenyewe. Ninasema paka hili: akili ya waya unaojikunja si mgeni katika Katanga. Iliyo mgeni ni karatasi.

Kuna wanaosema: soksi ya fundi ilikuwa ndani ya mgodi, nyuma ya ukuta na walinzi, nani aliiona? Si siri ile? Mahakama kuu ya Marekani iliamua mwaka wa 1881 neno linalochekesha. Mtu mmoja alitengeneza vyuma vya korse, vile vya kukaza kiuno cha mwanamke, akampa rafiki yake mwaka wa 1855. Mama yule alivivaa miaka mingi chini ya nguo, hakuna aliyeviona. Mwaka wa 1866 yule bwana akaomba breve. Mahakama ikasema: umechelewa, kitu kilikwisha kutumika hadharani, hata kama kilikuwa chini ya gauni. Wamama msome hiyo na kucheka kidogo. Ulaya hawasemi vile. Ulaya wanauliza: aliyeona alikuwa amefungwa na siri au hakufungwa? Mtu mmoja tu aliye huru kusema, aliyeona na kuelewa, anatosha kukitoa kitu katika siri. Wafanyakazi wa ndani, kama kontra inasema siri, pengine hawahesabiki. Lakini dereva wa kaminio aliyeleta mafuta? Fundi wa kampuni ya nje aliyekuja kubadilisha filtre? Wanafunzi wa shule ya ufundi waliofanya stage miezi miwili, wakachora soksi ile katika kaye zao? Wale ni dhahabu. Nimekwisha kumpata mmoja, leo ni baba wa watoto wawili, na kaye ameihifadhi, juu mwalimu alimpa 17 kwa 20.

Sasa habari ambayo mimi mwenyewe sikuijua mpaka mwaka jana, na inafaa ijulikane katika kila kite. Mkataba wa breve za Ulaya, sehemu ya 115, unasema: mtu yeyote anaweza kuandika kwa ofisi ya München kueleza kwa nini kitu kinachoombwa hakistahili hati. Mtu yeyote. Haulazimike kuwa Mzungu, wala avoka, wala kuwa na kampuni. Haulipe kitu. Unaweza hata kutosema jina lako, jambo lenye maana kwa mtu anayeogopa kazi yake. Na lugha ziko tatu, Kijerumani, Kiingereza na Kifaransa. Kifaransa! Kile kile cha shule, tulichopigiwa fimbo tukijifunza, kwa mara moja kitatusaidia kitu. Dosie inachapishwa kwa kawaida miezi 18 baada ya kuombwa, na katika Espacenet kila mtu anaisoma bila kulipa. Kijana mmoja wa Likasi, enjeniere asiye na kazi, aliitafuta kwa telefone yake na kuipata kwa nusu saa. Hati ikikwisha kutolewa, mlango mwingine unabakia wazi miezi tisa, wa kupinga, lakini pale kuna malipo na mambo ya avoka. Kwa hiyo ni afadhali kuandika sasa, kabla.

Kuandika nini? Si malalamiko. Hapa tuache tabia yetu ya sendika ya kuanza na kilio. Mkaguzi hana kazi na kilio, hana hata ruhusa ya kutupa haki ya jina. Kama tunamwandikia « walituibia », ataweka barua pembeni. Anataka kujua: kitu gani hasa, lini, wapi, nani aliona, katika hali gani. Kolie ngapi, msuko umekaza upande gani, siku gani. Foto yenye tarehe ina uzito kuliko kurasa kumi za hasira. Bon ya kutoka magazini yenye kuandikwa « kolie mbili, kompresere namba 3 » ina uzito kuliko kiapo cha delege.

Na hapa niseme ukweli hata kama mzee atanikasirikia: pengine hata yeye si wa kwanza. Labda katika sanduku la F16L 11 kuna karatasi ya mtu wa Osaka au wa Lyon aliyevalisha tiyo soksi miaka arobaini iliyopita. Kama iko, nzuri, mkaguzi ataipata, hati haitatolewa, na mwisho wa yote ni ule ule: soksi inabakia ya watu wote. Mimi sitafuti kumfanya fundi kuwa mfalme. Ninatafuta shingo za kompresere zivalishwe.

Mke wake hakubali hivyo. Nilikwenda kwao, tulikaa chini ya mwembe, akasikiliza yote, halafu akauliza: « Yaya, ile barua yenu itaondoa jina ya bale bantu. Sawa. Lakini itaweka makuta mu nyumba? Baba alitumika miaka makumi tatu, mutoto iko na shule. » Sikuwa na jibu zuri. Barua haiweke makuta. Kile kilichojulikana kwa wote hakiwezi tena kuwa breve ya mtu, hata ya yule aliyekianza. Fundi alipotoa kipande cha mfano bila kuandikisha kitu, mlango wake wa kuomba hati yake mwenyewe ulifungwa pale pale, na kasike mpya kichwani.

Kwa hiyo swali la mama lazima liende kwingine, kwa patro. Ujerumani iko na sheria tangu 1957: mfanyakazi akivumbua kitu katika kazi yake na patro akakichukua, patro anamlipa juu ya mshahara. Ufaransa pia sheria inadai malipo ya nyongeza kwa mfanyakazi aliyevumbua. Angalieni mzaha wake: kama enjeniere yule aliandikwa kama mvumbuzi katika kampuni yake, na iko mahali sheria kama hizo zinashika, inawezekana yeye atalipwa nyongeza kwa soksi ya fundi wetu. Na katika konvansio kolektive tunazosaini sisi, nimesoma zile tatu nilizo nazo nyumbani, kuna kifungu cha buti, cha sabuni, cha maziwa, cha mazishi. Cha uvumbuzi hakuna. Hatukukiomba. Nilikuwa mezani mara mbili, na mimi sikukiomba.

Mwaka huu tutakiomba. Si mambo makubwa: mfanyakazi akiboresha kifaa, iandikwe kwa jina lake, patro akitaka breve, aweke jina la fundi na kumlipa, asipotaka, basi asizuie atelie kutumia. Kuna wenzangu wanaoniambia hii ni anasa, tuanze na malimbikizo ya mishahara. Ninawaelewa. Lakini ninawauliza kijana wa bega alipoteza malimbikizo gani.

Upande wa Kinshasa kuna neno pia. Wazee wanakumbuka vyombo vya zamani, mapompi na mataa, vilivyoandikwa « Breveté S.G.D.G. ». Maana yake kwa Kifaransa: bila garanti ya serikali. Katika Ufaransa, tangu 1844 mpaka 1968, leta ilikuwa inatoa hati bila kuchunguza kama kitu ni kipya, na ilikuwa na aibu ya kutosha kulisema wazi juu ya chombo. Hata leo Ufaransa imeanza kukataa kitu kisicho na hatua ya uvumbuzi kwa ombi la 2020 na kuendelea. Si ya zamani sana. Kwetu uchunguzi kama ule wa München hatuna. Karatasi zikitimia, hati inaweza kutoka, na mwenye hasara aende tribinali. Nani wa atelie ataenda tribinali kubishana na kampuni juu ya pembe ya msuko? Sidai Kinshasa ijenge nyumba ya wakaguzi mia kesho. Ninadai kidogo: kabla breve ya vyombo vya mgodi haijatolewa, madai yake yabandikwe hapa Katanga, kwa miezi michache, pale mafundi wanapoweza kusoma na kusema « hii tunaijua ».

Kwa sasa tunaanza na kilicho mikononi. Katika atelie yetu tumefungua kaye kubwa yenye kurasa zilizohesabiwa. Kila dawa mpya ya chombo inachorwa, tarehe, namba ya masini, jina la aliyeitafuta, saini ya shefu wa ekipe na ya delege. Kila mwisho wa mwezi kopi inabandikwa nje, kwenye ukuta wa kantini, pale hata muuza mikate anaona. Anayetaka kuomba breve yake mwenyewe, na iko haki yake, asiandike mle kwanza. Aje aniambie, anyamaze, na tutafute namna ya kuandikisha kabla hajaonyesha mtu. Lakini kwa kitu kinachozuia mtu asipigwe na tiyo, mimi nachagua njia ya Albert wa Clausthal.

Barua ya München iko tayari, kurasa nne kwa Kifaransa, yule kijana wa Likasi aliisahihisha, fundi ametia saini. Kuna kaye ya mwanafunzi, kuna bon mbili za magazini za 2017. Kinachokosa ni foto ya kabla ya viziti ya 2018. Ninajua ziko. Tulikuwa tunapiga foto mbele ya kompresere siku ya wafanyakazi, tarehe 1 Mei, na magauni ya wamama na watoto na supu. Tafuteni katika telefone nzee, katika maalbamu, chini ya kitanda. Usiangalie nani amependeza. Angalia nyuma, upande wa kushoto, kama shingo ya tiyo imevaa soksi. Ukiiona, usiikate, usiipige tena foto juu ya foto, ilete kama ilivyo kwa delege wako, na utuambie nani aliipiga.